Mzinga Unaojilenga Wenyewe

Na mwanafunzi wa Senior Four, Gudele

Huenda mtaona ajabu kumwona kijana wa Gudele akiandika habari za manowari. Hapa kwetu Juba hakuna bahari. Maji tuyajuayo ni ya Mto Nile, na hayo nayo hutufikia kwa tanka, yakatiwa katika mapipa mbele ya mlango, tena kwa fedha. Mimi mwenyewe bahari sijaiona kwa macho yangu hata leo. Lakini muhula uliopita tulikuwa na mjadala shuleni, na neno tulilojadili lilikuwa hili: "Haifai mashine kupewa ruhusa ya kupiga risasi pasipo amri ya mtu." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliokubali. Katika kutafuta hoja zangu nikasoma habari za mzinga mmoja uliotengenezwa kwa kulinda manowari, nao hujitafutia adui, hujilenga na kujifyatua wenyewe. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona ya kuwa jambo hili si jepesi kama nilivyodhani. Basi nimeona vema niwaeleze wenzangu jinsi mzinga huo unavyofanya kazi, na mambo mema na mabaya uliyoyatenda, na mwisho yale niliyojifunza mimi.

Labda mtu atauliza, "Manowari zatuhusu nini sisi?" Zatuhusu sana. Mafuta ya nchi yetu, ambayo ndiyo yaletayo sehemu kubwa kabisa ya mapato ya serikali, hutoka kwa bomba lipitalo katika nchi ya Sudan, zaidi ya kilomita 1,000, hata kufika pwani ya Bahari ya Shamu karibu na Port Sudan. Huko hupakiwa katika meli. Meli iendayo Asia kutoka hapo sharti ipite mlango mwembamba uitwao Bab el-Mandeb, wenye upana wa kama kilomita 30 tu. Upande mmoja ni Yemen, upande wa pili ni Jibuti na Eritrea.

Sasa, tarehe 19 Novemba 2023, wapiganaji wa Yemen waitwao Wahouthi waliiteka meli ya kuchukua magari iitwayo Galaxy Leader. Baada ya hapo wakaanza kuzipiga meli zipitazo kwa makombora na kwa ndege zisizo na rubani. Meli iitwayo Rubymar, iliyopakia mbolea, ilipigwa tarehe 18 Februari 2024, ikazama tarehe 2 Machi. Siku nne baadaye meli True Confidence ilipigwa, na mabaharia watatu wakafa. Hao hawakuwa askari. Walikuwa watu wa kazi, kama madereva wetu wa malori wa njia ya Nimule. Kampuni nyingi zikaacha njia hiyo, zikazungusha meli zao hata Rasi ya Tumaini Jema, na bima ya meli zilizothubutu kupita ikapanda.

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka 2024 mshahara wake ulichelewa miezi mingi. Sisemi kwamba sababu ni Wahouthi. Bomba lenyewe lilipasuka Februari mwaka huo katika eneo la vita huko Sudan, na mafuta mengi yalikuwa hayatoki kabisa. Lakini nilipokuwa nikisoma habari za bomba, nikafika pwani, na nilipofika pwani nikakuta habari za meli, na katika habari za meli nikaukuta mzinga huu. Ndivyo mwana wa mwalimu wa Gudele alivyofika baharini pasipo kupanda hata mtumbwi.

Basi tuanze na shida yenyewe, maana mzinga huu haukuzaliwa bure. Zamani manowari zilipigana zikionana. Wazee wa Unguja walisimuliwa na baba zao jinsi manowari ya Kijerumani Königsberg ilivyoijia manowari ya Kiingereza Pegasus asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914. Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja huku mashine zake zikitengenezwa. Ikapigwa kwa mizinga hata ikazama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Vita hiyo ilikuwa ya mizinga mikubwa na ya watu waliotazama kwa darubini. Nahodha alikuwa na dakika za kufikiri, hata kama dakika hizo hazikumfaa kitu.

Mambo yaligeuka tarehe 21 Oktoba 1967. Siku hiyo manowari ya Israeli iitwayo Eilat ilikuwa ikipita mbele ya Port Said, nchi ya Misri. Mashua ndogo za Wamisri, zikiwa katika bandari, zikairushia makombora yaitwayo Styx, yaliyotengenezwa na Warusi. Manowari kubwa ikazamishwa na mashua ambazo hazikutoka hata nje ya bandari, na mabaharia 47 wakafa. Wakuu wa majeshi ya bahari ulimwenguni kote wakashtuka. Kombora lina mabawa na injini, na lina jicho la rada puani mwake. Likiisha kurushwa hujitafutia meli lenyewe.

Makombora yaliyofuata yakawa mabaya zaidi, kwa kuwa yaliruka chini sana, mita chache tu juu ya mawimbi. Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Dunia ni mviringo, na rada, kama jicho, haioni ng'ambo ya mviringo huo. Tuseme rada ya manowari imefungwa mlingotini, mita 20 juu ya maji, na kombora laja mita 3 juu ya maji. Ukikokotoa utaona ya kuwa rada haiwezi kuliona mpaka limefika kama kilomita 25. Hiyo kwa mtu wa miguu ni safari ndefu, mbali kuliko kutoka Gudele hata ng'ambo ya daraja la Nile. Lakini kombora kama Exocet la Wafaransa huenda kama mita 300 kwa sekunde. Gawanya 25,000 kwa 300, utapata sekunde 83. Katika sekunde hizo watu wa manowari sharti waone, waamini walichokiona, waambiane, nahodha atoe amri, na silaha ifyatuliwe. Na ikiwa mawimbi yamelificha kombora, au mtu wa rada amegeuza kichwa, sekunde zilizobaki huwa chache kuliko hizo.

Waingereza walijifunza hayo kwa uchungu. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita ya visiwa vya Falkland, ndege ya Argentina iliirushia manowari Sheffield kombora la Exocet. Watu 20 wakafa, na siku chache baadaye manowari ikazama. Haikuwa na mzinga wa namna ninayoieleza. Mwaka huo huo Waingereza walinunua mizinga hiyo kwa Wamarekani, wakaifunga kwa haraka katika manowari yao mpya Illustrious.

Mzinga wenyewe huitwa Phalanx. Wamarekani waliufunga mara ya kwanza mwaka 1980 katika manowari ya kuchukulia ndege iitwayo Coral Sea. Mataifa mengine yana ya kwao. Waholanzi walitengeneza uitwao Goalkeeper, na Warusi wanao AK-630. Yote ni ndugu, basi nikieleza mmoja mmeelewa yote.

Ukiutazama kwa mbali Phalanx ni kama pipa jeupe lililosimama juu ya sitaha, lenye kichwa cha mviringo, na chini yake imetokeza mitutu ya bunduki. Uzito wake ni kama tani sita. Ndani ya lile pipa jeupe mna rada mbili. Ya kwanza huzunguka ikitafuta. Ya pili ikiisha kuonyeshwa kitu hukikazia macho, isikiache. Chini kuna kompyuta, na pipa la risasi, na injini za kuugeuza mzinga wote upesi sana kulia na kushoto, juu na chini.

Sasa tazameni ile mitutu. Ni sita, imefungwa pamoja kama fimbo za kuni, nayo huzunguka. Fikira hii ni ya zamani. Mmarekani aitwaye Richard Gatling alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1862, na bunduki yake ilizungushwa kwa mkono. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafundi wa Marekani waliirudia fikira hiyo, wakaweka injini mahali pa mkono. Sababu ya mitutu sita ni joto. Bombomu ya mtutu mmoja ikipigwa mfululizo huwaka moto hata ikaharibika. Lakini mitutu ikipokezana, kila mmoja hupata nafasi ya kupoa kidogo. Phalanx wa siku hizi hupiga risasi 4,500 kwa dakika, yaani 75 kwa sekunde. Zigawe kwa sita, utaona ya kuwa kila mtutu hupiga 12 au 13 tu kwa sekunde. Risasi zilizomo pipani ni kama 1,550. Hesabuni wenyewe: zote huisha kwa sekunde 20 na kitu. Kwa hiyo mzinga huu haupigi ovyo. Hupiga kidogo, hukoma, hutazama, hupiga tena.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni jinsi unavyolenga. Risasi haifiki papo hapo. Ikiwa kombora liko mita 1,500, risasi huhitaji sekunde moja na zaidi kulifikia, na katika muda huo kombora limekwisha sogea mita 300 na zaidi. Kwa hiyo mzinga haulengi mahali kombora lilipo, bali mahali litakapokuwapo. Hayo hata mtoto anayemrushia mwenzake mpira akiwa mbioni huyafanya. Lakini upepo upo, meli yayumba, na mtutu watetemeka. Je, utajuaje kama umekosea?

Mwalimu wetu wa fizikia alituambia tumtazame kijana wa tanka la maji. Anaposhika mpira wa maji na pipa liko mbali, hapimi kwa rula. Hufungulia maji, akatazama yanapoanguka. Yakianguka upande wa kushoto wa pipa, husogeza mkono kuume. Yakipita juu, hushusha mkono. Kwa sekunde mbili maji yamo pipani. Phalanx hufanya vivyo hivyo. Rada yake hulitazama kombora, na wakati huo huo huzitazama risasi zake yenyewe zikienda. Kompyuta hupima kosa, kisha huusogeza mtutu, mpaka mkondo wa risasi na kombora vikutane. Risasi zenyewe zina chuma kizito sana cha tangsteni, kwa kulitoboa kombora na kulilipua lingali mbali.

Tena mjue ya kuwa mzinga huu ni mlinzi wa mwisho. Manowari ina makombora yake ya kupiga mbali, na mitego ya kuidanganya rada ya adui, mfano wa vipande vyembamba vya madini vinavyorushwa hewani. Phalanx hufikia mita 1,500 hivi tu. Adui akifika hapo, sekunde zilizobaki ni tano. Kwa sekunde tano mtu hawezi hata kumaliza kusema, "Afande, naona kitu." Kwa sababu hiyo walioutengeneza waliuwezesha kuamua wenyewe. Ukifunguliwa uende peke yake, hujiuliza maswali machache. Je, kitu hiki kinakuja kwetu? Je, mwendo wake ni wa kombora? Je, kikiendelea hivi kitaipiga meli? Majibu yakiwa ndiyo, hupiga.

Angalieni swali ambalo halimo. Mzinga hauulizi, "Ni rafiki au adui?" Hauna njia ya kujua. Hujua mwendo na mwelekeo tu.

Usiku wa tarehe 30 Januari 2024 mzinga huu ulifanya kazi iliyokusudiwa. Manowari ya Marekani iitwayo Gravely ilikuwa katika Bahari ya Shamu. Kombora likarushwa kutoka Yemen, likapita ulinzi wa nje, likafika kama maili moja kutoka kwa manowari. Hapo Phalanx ukaliangusha. Manowari kama hiyo huchukua watu kama 300. Piga hesabu ya maili moja kwa mwendo wa kombora, nawe utajua walibakiwa na sekunde ngapi.

Lakini sharti niseme na mengine, maana mwandishi asemaye mema tu hufundisha nusu.

Tarehe 17 Mei 1987, katika Ghuba ya Uajemi, ndege ya Iraki iliirushia manowari ya Marekani Stark makombora mawili ya Exocet. Iraki haikuwa ikipigana na Marekani, na baadaye serikali yake ilisema ni kosa. Mabaharia 37 wakafa. Phalanx ulikuwapo katika meli hiyo. Haukupiga hata risasi moja. Ulikuwa umewekwa katika hali ya kungoja, kwa kuwa watu hawakutazamia shari kutoka upande huo. Mwaka 2006 manowari ya Israeli Hanit ilipigwa mbele ya pwani ya Lebanoni, na wanne wakafa. Hapo pia mitambo ya kujilinda ilikuwapo, lakini haikuwa imefunguliwa.

Mtu atasema, "Basi uachwe wazi siku zote." Haya, sikieni upande wa pili. Tarehe 25 Februari 1991, katika vita ya Ghuba, manowari Jarrett ilikuwa karibu na manowari kubwa Missouri. Missouri ikarusha ile mitego ya madini hewani. Phalanx wa Jarrett ukaiona mitego, ukaipiga, na risasi nne zikaipata Missouri, mwenzake. Tena tarehe 4 Juni 1996, katika mazoezi katika Bahari ya Pasifiki, ndege ya Marekani ilikuwa ikivuta shabaha kwa kamba ili manowari ya Japani Yugiri iipige. Mzinga ukaiacha shabaha, ukaipiga ndege. Kwa bahati njema watu wawili waliokuwa ndani ya ndege waliruka kwa miavuli wakaokolewa. Mzinga haukuasi mtu. Ulifanya kama ulivyofundishwa: kitu kinakuja, mwendo wake unafaa, piga.

Sasa narudi kwenye mjadala wetu. Mimi nilisimama na hoja moja niliyoiamini sana, nayo naitoa katika maisha yangu. Julai 2016, vita ilipopigwa hapa Juba, nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Tulilala sakafuni siku tatu, mama akiwa amepanga magunia ya mtama ukutani. Siku ya pili risasi moja ilipita katika mabati, ikaingia katika godoro ambalo mdogo wangu alikuwa ametoka kwa kwenda kunywa maji. Mama aliishika ile risasi ikiwa bado ya moto, akasema, "Hii haikumjua mwanangu." Baadaye tukakimbilia Kakuma, nchi ya Kenya, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki mnachokisoma. Basi nikawaambia wasikilizaji: risasi haimjui mtu, kwa hiyo anayeipiga sharti amjue. Mashine haimjui mtu. Kwa hiyo isipige. Wakapiga makofi, nami nikaketi nikidhani tumeshinda.

Akasimama msichana wa Senior Two, wa upande uliopinga. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kaka, kama ungekuwa baharia katika Gravely usiku ule, kombora liko maili moja, ungetaka mzinga ungoje amri ya mtu?" Nikafikiri jibu. Sikulipata. Akaendelea, "Tena, mwaka 1988 manowari Vincennes iliiangusha ndege ya abiria ya Iran, watu 290 wakafa. Mashine zake zilionyesha ya kuwa ndege inapanda. Watu ndio waliosema inashuka. Amri ilitoka kwa mtu." Hayo nayo ni kweli, nimeyasoma baadaye. Kura zilipohesabiwa tulishindwa kwa kura tisa.

Siandiki makala hii kwa kulipiza kisasi. Nimekubali ya kuwa dada yule alisema haki. Lakini tangu siku hiyo nimeendelea kufikiri, na naona sote wawili tuliuliza swali kwa namna isiyo sawa.

Kwanza, si kweli kwamba mzinga huu hupiga pasipo amri ya mtu. Amri ipo, ila hutolewa mapema. Mtu ndiye anayeufungua au kuufunga. Yeye ndiye anayejua kama ndege za rafiki ziko karibu, kama kuna meli ya wavuvi, kama bahari ni ya amani au ya hatari. Katika Stark mtu alikosa kuufungua. Katika Yugiri watu waliuacha uchague kati ya shabaha na ndege. Kosa halikuwa katika zile sekunde tano, maana mle hamna nafasi ya mtu kukosa wala kupata. Lilikuwa katika saa zilizotangulia. Mashine imechukua kazi ya kidole, lakini kazi ya kichwa haijaichukua. Na kwa kuwa sekunde zimekuwa chache, kazi ya kichwa imekuwa nzito kuliko zamani.

Pili, na hili ndilo ambalo ningemjibu dada yule kama ningepewa nafasi: mzinga huu wafaa baharini kwa sababu ya kile unachopigana nacho. Kombora halifanani na kitu kingine. Mvuvi haendi mita 300 kwa sekunde. Ndege wa baharini haendi hivyo. Kwa hiyo maswali machache yatosha, na hata hivyo makosa yametokea. Kuanzia mwaka 2005 Wamarekani walipeleka mizinga ya namna hii nchi kavu, huko Iraki, iangushe roketi na risasi za mizinga midogo zilizorushwa katika makambi yao. Huko walibadili risasi, zikawa zinalipuka zenyewe hewani zisipopata kitu, kwa sababu chini kulikuwa na nyumba za watu, na kila risasi ipandayo hushuka. Sisi wa Juba, ambao tumeona watu wakipiga risasi hewani kwa furaha, hatuhitaji kufundishwa hilo. Lakini hata huko mzinga ulipiga vyuma virukavyo. Haukumpima mtu.

Siku hizi wapo wanaotaka kwenda mbele zaidi, mashine imtafute mtu, imtambue, na kumpiga. Mwaka 2023 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyataka mataifa yafanye mapatano ya kukataza silaha za namna hiyo kabla ya mwisho wa mwaka 2026. Desemba mwaka huo huo Baraza Kuu lilipitisha azimio lake la kwanza juu ya jambo hili. Mimi si mwanasheria, lakini nimekaa Gudele, na najua jambo moja. Mtu hufanana na mtu. Aliyebeba jembe begani, kwa mbali, ni kama aliyebeba bunduki. Anayekimbia kwa hofu ni kama anayekimbilia kupigana. Na katika nchi yetu wenyewe watu wamewahi kupimwa kwa alama za usoni na kwa lugha wanayosema, na waliopima walikuwa watu wenye macho na mama. Mashine itapima kwa nini, ila kwa alama kama hizo hizo, tena upesi zaidi?

Basi kama neno la mjadala wetu lingeandikwa upya, mimi ningeliandika hivi: "Mashine na ipige chuma, ikiwa mtu ameifungua kwa akili na yu tayari kujibu. Mtu asipigwe na mashine." Nadhani dada wa Senior Two angelikubali. Na kama hakubali, muhula ujao tuko tayari kusimama tena, naye aje na hesabu zake.

Ile risasi ya mwaka 2016 mama angali nayo, katika mkebe wa majani ya chai juu ya kabati. Ni ya bunduki ya kawaida, iliyopigwa na mtu.